Jeni Iliyonyamazishwa: Habari za Tiba ya Selimundu

Jina selimundu limeundwa vizuri, lakini lataja umbo la seli iliyopinda tu, chanzo halikitaji. Mwaka 1948, huko New York, daktari Janet Watson alieleza ya kuwa watoto wachanga waliorithi maradhi hayo wana seli chache zilizopinda, akakisia ya kuwa himoglobini waliyotoka nayo tumboni mwa mama yawakinga. Baada ya miezi michache jeni iitengenezayo hunyamazishwa, wala haifi. Kinyamazishi kilitambuliwa Boston mwaka 2008: jeni nyingine, BCL11A. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023, kisha Marekani, hudhoofisha kinyamazishi hicho katika seli za uboho. Jeni yenye kasoro haiguswi. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na wengi wazaliwao na selimundu ni wa Afrika.