Matuta ya Usambara

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo watu wa Usambara wanavifahamu vizuri. Tuta la shambani ni udongo ulioinuliwa kukinga mteremko ili maji ya mvua yasikimbie. Tuta la barabarani ni kinundu kilichoinuliwa kukinga njia ili gari lisikimbie. Kazi ni ileile, kupunguza kasi, lakini historia zake hazifanani. Tuta la kwanza Wasambaa walilikataa katika miaka ya 1950 mpaka serikali ya kikoloni ikaachana nalo. Tuta la pili wanavijiji nchini kote huliomba wenyewe, na mtoto akigongwa hufunga barabara kwa mawe na magogo mpaka waahidiwe.

Mimi ni mmoja wa wale wanaochagua kiti cha dirishani kwa ajili ya barabara yenyewe. Tunahesabu makalavati, tunakadiria ukali wa kona, tunasikitika tukiona kibao cha alama kimefunikwa na matawi. Miongoni mwetu wapenzi wa barabara, tuta halina heshima. Husemwa kwamba tuta ni ushahidi wa msanifu aliyeshindwa: barabara iliyochorwa vizuri humpunguza dereva mwendo kwa upana wake, kona zake na alama zake, bila kumvunja mgongo. Hoja hiyo inavutia, lakini inasahau kuuliza barabara ilichorwa kwa ajili ya nani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto inalijibu swali hilo waziwazi.

Ni barabara ya kilomita 33 hivi. Mombo iko chini uwandani, mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Piga hesabu utaona kwamba kwa wastani inapanda mita 3 tu kwa kila mita 100 za safari. Kwa mlima uliosimama kama ukuta, huo ni upole mkubwa, na upole huo umenunuliwa kwa kona. Ili isipande ghafla, barabara inashika ubavu wa bonde, inazunguka, inajikunja, inapita Soni penye maporomoko ya maji, kisha inaendelea kupanda. Upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili korongo.

Kabla yake, njia za mlimani zilikuwa za miguu. Wasambaa walitenganisha Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, nchi kavu ya chini. Makao ya wafalme wa Kikilindi yalikuwa Vugha, huko juu, na Johann Ludwig Krapf alipokwenda kumwona Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 ilimbidi apande. Lakini njia ya misafara ilipita chini, kando ya bonde la mto Pangani. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikaa Mazinde, mahali ambapo njia hiyo ilimpitia karibu. Kimweri alipofariki mwaka 1862, Vugha ilibaki na heshima na matambiko. Mazinde ilikuwa na bunduki na marafiki wafanyabiashara kutoka pwani. Katika vita vilivyofuata, nguvu iliteremka mlima. Hilo ni somo la kwanza la barabara za Usambara: njia ikihama, enzi nayo inaweza kuhama.

Wajerumani walilielewa somo hilo haraka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, huko Mazinde. Reli yao iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Huko juu walijenga mji wa utawala wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na mlima ukaunganishwa na stesheni. Mahali ambapo hata barabara isingefaa, walipita hewani: kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga waya wa kuning'iniza mizigo, kama kilomita 9, kuteremsha magogo ya mitarakwa kutoka Shume hadi relini Mkumbara. Kila kitu kilichorwa kwa kuanzia relini. Mkulima wa Vugha, ambaye babu yake aliishi kwenye mji mkuu, sasa alijikuta pembeni.

Nguvu kazi ilipatikana vipi? Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza kadi yake aliweza kupelekwa kwenye kazi za umma. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, jina la Wilhelmstal likafutwa na Lushoto ikaandikwa mahali pake. Kona zilibaki zilezile.

Waingereza nao walikuja na mstari wao wa kuchora mlimani. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Tatizo walilolitaja lilikuwa la kweli: watu wameongezeka, miteremko imelimwa, udongo unakwenda na maji. Dawa ilikuwa matuta yaliyofuata usawa wa mlima, pamoja na amri na faini. Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa sahihi kama hesabu ya kona za barabara. Shambani, kazi hiyo nzito iliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula, na tuta lilimega ardhi ambayo tayari ilikuwa ndogo.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, anaonyesha kwamba wakulima walikuwa na lugha yao ya kuyajadili mambo haya. Kwa Kisambaa kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa hilo: je, mvua inanyesha, watu wanashiba, nchi imetulia? Kwa kipimo hicho matuta ya serikali, hata kama yalizuia udongo, yaliiharibu nchi, maana yaliwatenga machifu na watu wao na kuwageuza wakulima vibarua kwenye mashamba yao wenyewe. TANU ilipofika mlimani ilikuta hoja iko tayari. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ule ulikuwa umekufa.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Wasambaa hawakutaka kuhifadhi udongo. Kilichofuata kinakanusha. Katika miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa Tanzania na Ujerumani, ulirudi Lushoto na wazo la mistari inayofuata usawa wa mlima. Safari hii mistari ilipandwa miti na majani ya malisho, kama vile guatemala. Jani lililozuia udongo lilikatwa likalisha ng'ombe wa zizini, na mbolea ikarudi shambani. Si kila shamba lililofuata, lakini mistari ile haikuhitaji faini ili ibaki. Mlima na mvua vilikuwa vilevile. Mkulima ndiye aliyepata nafasi mpya kwenye mchoro.

Sasa turudi kwenye lami. Alama za barabarani humsemesha dereva. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu inamwambia kona inakuja. Duara lenye 50 linamwambia amefika penye makazi. Mwenda kwa miguu, mama mwenye tenga la pea kichwani, mwanafunzi anayetembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu hakuna mahali pengine, hana kibao kinachomhusu. Alama inayomsemesha mwenyeji moja kwa moja ni ile X nyekundu ukutani. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Uwandani hizo ni hatua chache. Mlimani, mita 30 kwenda juu na 30 kwenda chini zinaweza kumeza nyumba, migomba na kaburi la babu.

Kwa hiyo ninapoliona tuta mbele ya shule, ninaona alama ambayo wenyeji wamejiandikia wao wenyewe. Duara la 50 dereva anaweza kulipuuza mpaka amwone askari wa usalama barabarani. Tuta atalisoma tu, usiku na mchana. Ni kweli kwamba matuta mengi yamejengwa vibaya na hayana rangi wala kibao cha kuyatangaza. Kasoro hizo zirekebishwe. Lakini kuyaita aibu ya usanifu ni kuutazama mlima kwa macho ya anayepita tu.

Hili lina uzito leo kwa sababu mlima unahitaji barabara nyingine. Masika yakiwa makali kifusi hushuka, na njia ya Soni ikifungwa, kabichi na karoti huozea kwenye magari na wagonjwa hawateremki. Njia mbadala ya Dochi, Ngulwi hadi Mombo imezungumzwa mpaka bungeni. Lami ya Soni, Bumbuli, Dindira hadi Korogwe imeahidiwa kwa miaka mingi. Mimi nazitaka zote mbili. Ila mstari wa kwanza wa mchoro usianzie kituo cha mabasi kama ule wa Wajerumani ulivyoanzia stesheni. Wapimaji wapande kwa miguu, waulize wakulima maji hupita wapi usiku wa mvua kubwa, ili kalavati likae pale badala ya kumwagia shamba la mtu. Waulize pia watoto huvukia wapi asubuhi, na bega la barabara lichorwe pana mahali hapo tangu mwanzo. Barabara ya namna hiyo itahitaji matuta machache, na yatakayobaki, watu watajua ni yao.