Mahindi ya GMO: Njia ndefu kutoka maabara hadi gorogoro

KATIKA Soko la Toi, mtaani Kibera jijini Nairobi, mahindi hupimwa kwa gorogoro kutoka gunia lililo wazi, bila lebo yoyote. Mnunuzi hutegemea macho yake. Hata hivyo, macho hayawezi kutambua mahindi yaliyobadilishwa jeni, maarufu kama GMO.

Mahindi hayo huanzia maabarani. Wataalamu huchukua punje changa, takriban wiki mbili baada ya uchavushaji, na kutoa kiinitete chenye urefu wa milimita moja au mbili. Kiinitete huwekwa katika kisahani chenye sukari, madini na homoni za mimea, ambamo seli zake huongezeka na kuwa donge lisilo na mizizi wala majani. Shughuli hii huitwa ukuzaji wa tishu.

Jeni mpya huingizwa katika seli hizo kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hutumia Agrobacterium, bakteria wa udongo ambaye kwa asili hupenyeza sehemu ya jeni zake ndani ya mimea. Ya pili hutumia mtambo unaorusha chembe ndogo mno za metali zilizopakwa jeni. Kwa njia hii, watafiti wa Marekani walipata mahindi ya GMO yenye uwezo wa kuzaa mnamo 1990.

Seli zisizopokea jeni huangamizwa kwa dawa, na zilizosalia huchochewa kutoa machipukizi, kisha mizizi. Hapa ndipo penye ugumu, kwani aina nyingi za mahindi ya maeneo ya joto hazichipui kwa urahisi maabarani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akiwemo Prof Jesse Machuka, wamekuwa wakitafuta aina za humu nchini zinazoweza kuchipua.

Mnamo 1999, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Kenya (KARI) na shirika la CIMMYT zilianzisha mradi wa mahindi yanayostahimili funza wanaotoboa mabua. Wadudu hao walikadiriwa kuharibu takriban asilimia 13 ya mavuno. Rais Mwai Kibaki alifungua jumba maalumu la kuoteshea mimea hiyo huko Kabete, si mbali na Kawangware, mnamo Juni 2004. Majaribio shambani yalianza Kiboko mwaka uliofuata.

Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ilipitishwa 2009. Mnamo Novemba 2012, serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, kufuatia utafiti wa Ufaransa ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata. Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, lakini mnamo Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilizuia kwa muda utekelezaji wa uamuzi huo.

Kanuni za 2012 zinataka bidhaa yenye zaidi ya asilimia moja ya GMO iwekewe lebo. Kwenye pakiti ya unga, hilo ni jambo rahisi. Kwa mahindi ya gorogoro, mnunuzi wa Toi hatakuwa na lebo ya kusoma.