Melanoma: uchunguzi wa maabara

Melanoma ni saratani inayoanzia katika melanositi, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kwa watu weusi ni nadra, na inapotokea huota zaidi kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Waa jeusi laweza pia kuwa damu iliyovilia, au nevasi, uvimbe wa melanositi usio saratani. Kwa hiyo jibu hutafutwa kwa hadubini.

Inapowezekana, waa lote hukatwa pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima. Nyama hiyo hulowekwa katika formalini isioze, huzamishwa katika nta ya parafini, kisha hukatwa kwa mikrotomu vipande vyembamba vya mikromita 3 hadi 5. Hematoksilini hupaka viini vya seli rangi ya zambarau. Eosini huipaka sehemu iliyobaki waridi.

Katika nevasi, seli hupungua ukubwa kadiri zinavyoshuka ndani ya ngozi. Katika melanoma hubaki kubwa, hugawanyika hata zilizo chini, na nyingine hupanda zikitawanyika katika epidemisi, tabaka la nje la ngozi. Ikithibitika, hupimwa unene wa Breslow, kipimo alichokieleza Mmarekani Alexander Breslow mwaka 1970: milimita kutoka juu ya tabaka la punjepunje la epidemisi hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa. Unene usiozidi milimita 1 ni daraja T1. Unaozidi 4 ni T4.

Melanini ikijaa, huficha viini vinavyotakiwa kusomwa. Kioo kilichobeba kipande hutiwa potasiamu pamanganeti, kisha asidi oksaliki, hadi weusi utoke. Ikiwa asili ya chembe za kahawia haijulikani, rangi ya Fontana-Masson huigeuza melanini kuwa nyeusi, na ya Perls hugeuza chuma cha damu ya zamani kuwa buluu.

Kipimo kingine hutumia kingamwili zinazoonyeshwa kwa rangi: za S100, SOX10, Melan-A na HMB-45 hutambulisha seli za ukoo wa melanositi. Kwa kuwa rangi ya kawaida ya kipimo hiki ni kahawia kama melanini yenyewe, maabara nyingi hutumia nyekundu. Protini ya PRAME huonekana mara nyingi katika melanoma na mara chache katika nevasi, lakini haitoshi peke yake.

Mwisho hupimwa jeni. Badiliko la BRAF huelekeza uchaguzi wa dawa. Katika melanoma za nyayo na kucha ni la nadra zaidi, hivyo hutafutwa pia badiliko la KIT.