Neno na Matumizi Yake: Dhahania

Siku hizi kila picha iliyotoka na ukungu inaitwa "dhahania". Sivyo. Picha ya mechi iliyotikisika kwa sababu mkono haukutulia ni picha iliyoharibika, basi. Dhahania linatokana na neno la Kiarabu dhihn, yaani akili. Tusilichanganye na dhana, ambalo ni ndugu wa kudhani.

Picha huwa dhahania pale mpigaji anapokuondolea kitu chenyewe, ukabaki na umbo, mstari, rangi na kivuli. Sogeza kamera karibu kabisa na ukuta wa matofali ya kuchoma, jua la jioni likiupiga ubavuni: mianya inageuka mistari myeusi, alama za moto wa tanuri zinakuwa madoa ya zambarau, na nyumba haimo tena. Wala hakuna ukungu hapo. Kila chembe ya mchanga unaiona. Mpiga picha Alvin Langdon Coburn alifikia hatua hiyo jijini London mwaka 1917, kwa vioo vitatu tu mbele ya lenzi. Na mamba mwenye mabawa aliyetengenezwa kwa kompyuta? Hiyo iite picha ya kubuni, maana mamba bado unamtambua.