MAMA ALIYECHANGANYIKIWA MBELE YA HAKIMU (Sehemu ya 3)

Juzi hapa Kinole, tukiwa tunapima watoto uzito, dada mmoja alinivuta pembeni: "Nesi, mama akirukwa na akili baada ya kujifungua, akamuua mtoto, ananyongwa?" Nikamwambia nitajibu huku.

Zamani Uingereza jibu lilikuwa ndiyo. Hakimu alilazimika kumhukumu kifo, ingawa mara nyingi alikuja kusamehewa. Mwaka 1922 wakatunga sheria mpya, na mwaka 1938 wakaipanua imguse mtoto yeyote wa chini ya miezi 12. Maneno hayo yamo hata kwetu, kwenye Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, kifungu cha 199: kama akili ya mama ilikuwa haijatulia kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha, hahesabiwi kuwa muuaji wa kukusudia. Kitanzi kinamwepuka, ingawa kifungo kipo.

Sasa tatizo liko wapi? Sheria inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama inaweza kumpeleka mshtakiwa akapimwe, wengi hupelekwa Isanga, Dodoma, na daktari ana siku 42 za kuandika ripoti. Lakini lazima mtu aseme kwanza. Asiposema mtu, mama anasimama pale kama muuaji mwingine yeyote, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja tu, kifo.

Yametokea. Kanda ya Ziwa, mama mwenye ulemavu wa akili (huo ni tofauti na ugonjwa wa akili) alihukumiwa kunyongwa mwaka 2015 kwa kifo cha mwanawe. Hukumu ikafutwa 2019. Akahukumiwa kifo tena 2022, hali yake ya akili bila kupewa uzito. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikafuta tena, ikaagiza kesi ianze upya. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Ndiyo maana nawasumbua. Katika akina mama 1,000 wanaojifungua, 1 au 2 huchanganyikiwa kabisa, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Halali hata mtoto akilala. Anasikia sauti. Anasema mtoto si wake. Nyumbani tunasema karogwa, au ni mizimu ya ukoo, tunamfungia ndani.

Jamani, mama mkwe, mjomba, baba mtoto: mleteni, hata usiku, na mtoto asiachwe naye peke yake. Anatibika, anapona, ananyonyesha tena. Na tunachoandika siku hiyo kwenye daftari ndicho kinachoweza kumsemea siku yeye hawezi kujisemea.

Sehemu ya 4: baba afanye nini usiku ule wa kwanza. Mpelekee jirani mwenye kichanga asome.