Treni ya Juu, Treni ya Chini
Kwa watu wa reli Uingereza, treni iendayo London ni ya juu na itokayo huko ni ya chini, hata kama njia inateremka kutoka milimani. Isipokuwa kampuni ya Midland, iliyokuwa na kiburi chake: kwao juu palikuwa Derby, makao yake makuu.

Saa nazo zilifuata London. Kwa jua, Bristol iko nyuma dakika 10, lakini reli ya Great Western ilianza kutumia saa za London mwaka 1840. Abiria aliyeamini saa ya mjini aliambulia moshi! Saa ya jengo la Corn Exchange, Bristol, ikawekewa mishale miwili ya dakika. Mji ulisalimu amri mwaka 1852. Sheria ikafuata mwaka 1880.