Kibuyu Chenye Kichwa cha Mtu

Mtu akitazama kibuyu huona mmea; lakini akitaja sehemu zake hutaja mwili: tumbo, shingo, na mdomo. Mafundi wa kale wa Uzigua, na jirani zao Washambaa, waliifuata fikira hiyo mpaka mwisho. Kibuyu cha mganga, yaani tunguri, walikitia kizibo cha mti kilichochongwa kwa sura ya kichwa cha mtu, au pengine mtu mzima. Kizibo kikiisha kutiwa, mmea na binadamu huwa kitu kimoja, na tumboni mwake mna dawa.

Wako wanaodhani kwamba fikira hiyo ni ya watu wasiostaarabika tu. Historia yatufundisha vingine. Karibu na mwaka 1480 watu wa Roma waliingia katika vyumba vya jumba la Kaisari Nero, vilivyokuwa vimefukiwa chini ya ardhi. Kutani waliona picha za viumbe nusu mtu, nusu majani. Raffaello na wanafunzi wake wakaiga namna hiyo katika jumba la Papa, kazi iliyokwisha mwaka 1519. Kisha mafundi wengi wakachonga mapambo kama hayo juu ya mabamba ya shaba, wakayapiga chapa. Kule Antwerp, mwaka 1555, zilitolewa nyuso za ajabu alizozibuni Cornelis Floris, nazo zilichongwa katika shaba na Frans Huys.

Basi, tofauti ni nini? Wale walitafuta pambo. Wa kwetu walitengeneza chombo cha kazi. Tena bamba moja la shaba hutoa karatasi nyingi, hata fundi aliye mbali huweza kujifunza kwazo. Tunguri ilitengenezwa moja moja, na elimu yake ilikaa kifuani mwa fundi. Alipokufa, alizikwa nayo.

Twajua kwamba wako Wakristo waliovichoma vibuyu hivyo walipoacha uganga, wala hatuwalaumu. Vingine vilichukuliwa Ulaya, navyo vimewekwa katika majumba ya makumbusho. Lakini kuacha uganga si kusahau kazi ya mikono ya babu zetu, na kuandika habari za kitu si kukiabudu.

Kwa hiyo twawasihi ninyi mkaao Handeni na Korogwe: mkikuta tunguri ya kale darini, msiiuze kwa mpita njia, wala msiitupe kabla ya kuuliza. Waendeeni wazee. Ulizeni ni mti gani uliochongwa, nani aliuchonga, na uso ule ulikuwa wa nani. Andikeni majibu, na jina la kijiji. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watakwenda kuuliza mbele ya sanduku la kioo katika nchi ya mbali, na kile kichwa cha mti hakitawajibu neno.